Kuku Walevi wa Nyuma ya Jiko

Bwenini, 4 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ukiacha kidole kimoja nilichokibana na mlango wa maktaba, na bahati nzuri si kile cha kuandikia. Simu bado zimefungiwa kabatini kwa mlezi wa bweni mpaka likizo, na wewe unaiacha yako getini kila asubuhi kama kanuni za maabara zinavyotaka. Basi tumebaki sisi na posta, kama wachumba wa zamani.

Shule ni ileile. Mwalimu wa Baiolojia, yule tunayemwita Darubini kwa sababu ya miwani yake, aliuliza jana kwa nini maziwa huharibika upesi wakati wa joto. Nilijua jibu. Nililisema vizuri sana, moyoni. Akaulizwa mwenzangu wa dawati la mbele, akasema, "Kwa sababu ng'ombe naye anasikia joto, Mwalimu." Darasa zima likaanguka kwa kicheko, nami nikabaki na jibu langu kama mtu aliyeshika mwavuli mvua imekwisha.

Ila kuna kichekesho ambacho lazima nikupe. Kuku wa mpishi wamekuwa walevi. Sitanii. Wanashinda wakichakura lile lundo la mboji nyuma ya jiko, na ikifika mchana wanatembea kama wajomba wanaotoka harusini. Jogoo alijaribu kuruka uzio akaangukia upande wa pili, akalala hapohapo chali akitazama mawingu. Mpishi anasema ni kifafa cha kuku, anawatia kitunguu saumu mdomoni. Wasichana wa bweni wanasema kuna mtu amemroga mpishi kwa ajili ya mawe anayotuachia kwenye maharage. Mimi nilikwenda kunusa. Lundo linanuka kama pamba ya muuguzi kabla ya sindano, na asubuhi linatoa mvuke kama birika.

Nawe niandikie. Kila likizo unaniambia unafuga bakteria, halafu unabadilisha mazungumzo. Wanakula nini? Wanafanya nini? Nimemaliza vitabu vyote vya rafu ya sayansi isipokuwa kile kilicholiwa na mchwa.

Wako,
Panya wa Maktaba
(Jina limeganda hilohilo. Nimelizoea.)


Maabara, 11 Februari

Panya wangu,

Marahaba. Kidole kimepona?

Umeuliza bakteria wangu wanafanya nini. Wanakula mabua ya mahindi na kutoa spiriti ya kuendeshea magari. Zamani maabara hii ilitumia hamira, na hamira haivumilii joto. Ukiipandishia moto kidogo tu imekufa. Hawa wetu asili yao ni chemchemi za maji ya moto. Tangi lao ukitia mkono unaungua, lakini wao humo ndipo wanapoona kumekucha. Ubaya ni kwamba kwa asili yao hawatoi spiriti ya maana. Hapo ndipo tulipoingia sisi: tumekata kipande cha vinasaba hapa, tumepachika kingine pale, kama fundi cherehani anayegeuza gauni la mama likamfaa binti. Na ili tuwatambue, tumewapa alama. Kuna dawa inayowaua ndugu zao wa porini, wao haiwaui. Atakayebaki hai ndani ya dawa ile, katika joto lile, ni wetu. Hakuna mwingine.

Sasa nina ombi dogo. Katika kifurushi hiki kuna vichupa vitatu vitupu na glavu. Chimba katikati ya lundo, pale penye moto zaidi, ujaze tope, ufunge vizuri, unitumie. Pima na joto ukiweza. Ni udadisi wangu tu.

Usimwambie mtu. Hata Darubini.

Mama Mdogo

Tena: mayai ya kuku hao usile. Si lolote, ni uchafu tu.


Bwenini, 19 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Vichupa hivyo hapo, vitatu, vimejaa. Niliazima kipimajoto cha Darubini nikamwambia ni cha kujisomea. Hakuuliza zaidi. Alinipa tu, akatabasamu, na huo ndio uongo wa kwanza niliowahi kumwambia. Tumboni mwa lundo ni nyuzi sitini na moja. Nilipochimba mvuke ulipanda ukaziba miwani yangu, nikasimama pale kama kipofu. Mpishi akanikuta. "We Panya, unatafuta nini huko, jibini?" Nikasema nimedondosha kalamu. Uongo wa pili.

Sasa niseme jambo moja, na usikasirike. Nilikuletea kichekesho, nawe hukucheka. Wewe unayecheka hata kanisani. Hukusema neno juu ya jogoo. Ulichonijibu ni vichupa, glavu, na "usimwambie mtu".

Halafu mayai. Jana tuliletewa mayai ya kuchemsha. Wenzangu wote walikula. Langu nilikaa nikilitazama mpaka mwenzangu wa dawati akalichukua, akasema asante. Nimelala vibaya tangu hapo. Kama si lolote, mbona nisile? Kama ni jambo, mbona wao wale?

Na neno dogo: kichupa kimoja kilikuwa na unyevu ndani kiliponifikia, kama jasho. Ulisema ni vitupu.

Wako,
Panya


Maabara, 25 Februari

Panya,

Mayai hayana neno, kula. Niliandika kwa haraka. Bakteria wapenda joto hawawezi kukaa mwilini mwa mtu. Damu yako kwao ni baridi kama kaburi. Unyevu ule ni maji ya kuoshea.

Nahitaji kujua mambo mawili. Lundo lilianza kutoa mvuke hivyo lini? Na nani anamwaga nini pale? Uliza kama mtu anayepiga soga tu. Usiandike jina la mtu yeyote. Tuma kichupa kingine, safari hii kutoka juu, penye tabaka jipya.

Ukishasoma barua hii ichome.

Mama Mdogo


Ofisi ya Mkuu wa Maabara, 3 Machi

Kwa Binti mwanafunzi,

Salamu nyingi. Hunijui, lakini mimi nakujua kwa sifa. Mama yako Mdogo ana picha yako mezani kwake, umekumbatia kitabu kikubwa kuliko kifua chako. Msichana anayependa kusoma namna hiyo ni hazina, na maabara kama yetu itamhitaji siku moja.

Naandika kama mzazi. Tumeona vifurushi vikitoka shuleni kwenu kuja kwa mama yako, na vingine vikitoka kwake kuja kwako. Wakati huohuo, kichupa kimoja cha bakteria wetu hakipo kwenye friza. Kuwatoa nje bakteria waliobadilishwa vinasaba ni kosa kubwa kisheria. Mtu hupoteza kazi, na nyumba ya kazi, na pengine zaidi ya hapo. Sisemi kwamba yeye amefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba mtoto anaweza kutumwa kubeba mzigo asioujua.

Niandikie kwa ufupi: alikutumia nini, na wewe ulikiweka wapi? Vielelezo vyovyote ulivyonavyo, pamoja na barua zake, vitamsaidia yeye mwenyewe. Ukinyamaza, sitaweza kumtetea.

Nasikia huko kwenu hata kuku wanachekesha siku hizi. Natumaini wamepona.

Tafadhali jambo hili libaki kati yetu. Usimwambie.

Mkuu wa Maabara


Bwenini, 7 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Nimejaribu kuandika barua hii tangu juzi. Sijaichoma ile yako. Niliishika karibu na mshumaa, halafu nikaona mtu anayechoma barua ni mtu wa aina nyingine, na mimi si mtu huyo. Nimeikunja ndani ya kamusi.

Nina swali moja. Vichupa ulivyonitumia vilikuwa vitupu kweli?

Nakuuliza kwa sababu nilivifungua palepale juu ya lundo. Nilivizamisha kimoja kimoja kwenye tope. Kama ndani yake mlikuwa na kitu, basi ni mkono wangu uliokimwaga pale. Ulisema bakteria wenu wanapenda joto. Ukanituma penye joto. Ukasema nisimwambie mtu, nisiandike majina, nichome barua. Ningelikuta jambo hili katika hadithi ningeliona jibu ukurasa wa tatu.

Nisichokielewa ni kwa nini. Kama ulitaka kuwaficha nje ya maabara, useme. Kama kuna mtu amekuahidi kitu ili uwatoe, useme pia. Wewe ndiye uliyenichukua mama alipofariki, ukatoa vitabu vyako chumbani ili kitanda changu kipate nafasi. Sina mwingine wa kumwandikia. Ndiyo maana nataka vielelezo, si maneno ya kunituliza.

Panya


Maabara, 12 Machi

Panya,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa.

Nani amekuuliza uniulize? Neno "vielelezo" si lako. Wewe ungesema "ushahidi", kwa sababu umesoma riwaya za upelelezi mpaka macho yakauma. "Vielelezo" ni neno la ofisi, na najua ni ofisi gani, kwa sababu kila Jumatatu tunalisikia mkutanoni. Basi amekuandikia. Nawe umekaa na barua yake, ukanirushia mimi maswali kama mkaguzi.

Vichupa vilikuwa vitupu. Nimekwambia ni maji. Sitasema mara ya tatu.

Nilidhani kuna nyumba moja duniani ambamo sihitaji kujieleza. Mtoto niliyemfundisha kusoma leo ananisoma mimi.

Usitume kichupa tena. Usiandike mpaka nikuambie.

Mama yako Mdogo


Bwenini, 23 Machi

Kwa Mama Mdogo, na kwa Mkuu wa Maabara,

Shikamooni.

Nimeandika barua moja kwa watu wawili. Mzee, habari za kuku nilimwandikia Mama Mdogo peke yake. Mlezi wa bweni hafungui barua zetu. Nilimuuliza, akanuna siku nzima kwa kudhaniwa hivyo. Kwa hiyo barua zangu zinafunguliwa huko kwenu, kabla hazijamfikia mwenyewe. Nimeona nikuokolee muda. Hii isome wazi, kisha mpe.

Mama Mdogo, ni kweli aliniandikia. Ni kweli sikukwambia. Alisema nisimwambie mtu, na wewe ulikuwa umeshasema nisimwambie mtu, nami nikatii wote wawili. Nilikuwa kama kamba ya kuvutana, kila mmoja anasema "usilegee".

Uliponikataza kuandika sikuwa na la kufanya isipokuwa kusoma. Nilikwenda kukaa juu ya gunia nyuma ya jiko, na kitabu. Mtu mwenye kitabu haonekani, hilo nimeligundua zamani. Lori lilikuja. Ni lori la maabara yenu, linalochukua mabua kwenye shamba la shule. Sote tunalijua, huwa linaingia limefunikwa turubai, linatoka limejaa mabua. Ila sikuwahi kujiuliza kwa nini lori linalokuja kuchukua mzigo huingia limefunikwa. Siku hiyo nililiona likirudi kinyumenyume mpaka kwenye lundo, turubai likafunuliwa, yakamwagwa mapipa ya machicha ya mabua, ya rangi ya chai, yanatoa mvuke. Mpishi alitoka akaanza kupasha mikono moto juu yake kama mtu yuko nyumbani kwake.

Mnajua mimi siongei na watu. Lakini nilikwenda.

Nikamwambia dereva, "Shikamoo, Anko. Hii ni nini?"

"Marahaba. Hii? Mbolea, binti. Zawadi ya jirani mwema."

"Mbona ya moto?"

"Imechemshwa. Kila pipa linachemshwa kwanza, halitoki getini bila kuchemshwa. Sheria hiyo ipo tangu enzi za hamira, babu yako angali kijana." Akacheka. "Unaogopa vijidudu? Hata wewe ungechemshwa vile ungekufa."

"Mmeanza lini kuleta?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Mkuu wetu wa maabara mwenyewe alikuja siku ya kwanza, na mpiga picha. Hukumwona?"

Mpishi akadakia, "Huyu? Huyu hata shule ikiungua atauliza moto huo uko ukurasa wa ngapi."

Nilirudi maktaba. Kile kitabu kilicholiwa na mchwa nilikuwa sijakigusa, kwa hiyo nilikigusa. Kimebaki nusu, lakini nusu hiyo ilinitosha. Inasema kuna bakteria ambao mambo yakiwa mabaya hujifungia ndani ya gamba gumu, wakalala, na maji yanayochemka hayawafanyi kitu. Kuwaua unahitaji mvuke uliobanwa ndani ya chungu kilichofungwa, mkali kuliko mchemko wowote wa jikoni. Dereva alisema kweli: mimi ningechemshwa ningekufa. Hamira ingekufa. Lakini ninyi hamfugi tena hamira. Mmefuga watoto wa chemchemi za moto, halafu mnawaua kwa maji ya moto. Si kuwaua huko, ni kuwaogesha na kuwasindikiza kwenye lori.

Sijui kama waliomo kwenye lundo ni wenu. Mimi sina dawa yenu ya kuwatambua. Ninyi mnayo.

Ninachojua ni hiki. Mzee, uliniuliza Mama Mdogo alinitumia nini na nilikiweka wapi, kama kwamba kilichomo kwenye lundo kimeletwa naye. Lakini kuku walilewa kabla ya vichupa kufika. Vilikuja kwa sababu niliandika habari za kuku. Barua yangu ya kwanza inasema hivyo, na wewe uliisoma, kwa sababu uliniulizia hali zao.

Mama Mdogo, na mimi nilikuwa na barua hiyo kichwani muda wote, kwa sababu niliiandika mwenyewe, na bado nikakushuku kwa vichupa. Naomba radhi kwa hilo. Naomba radhi kwa hilo tu.

Watu wawili wakubwa waliniambia nisimwambie mtu. Kwa hiyo nimemwambia mtu. Jana baada ya kipindi nilimfuata Mwalimu Darubini, nikamrudishia kipimajoto, nikamwambia nilimdanganya, kisha nikamwambia yote. Sauti ilikuwa inatetemeka, akadhani naumwa, akaniletea kiti. Nakala ya barua hii ameichukua yeye. Anaipeleka kwa mkono kwenye mamlaka inayosimamia mambo ya vinasaba, pamoja na barua zenu nilizozihifadhi ndani ya kamusi.

Wenzangu wanashika lundo lile kwa mikono kila Jumamosi, wanarutubisha bustani. Labda hakuna ubaya. Lakini hakuna aliyewauliza.

Wenu,
Panya wa Maktaba


Nyumba za Wafanyakazi, 20 Aprili

Panya wangu,

Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Mkuu alinipa mwenyewe, mkononi, bila kuketi. Alisema, "Mwanao anaandika vizuri." Nikasema, "Anasoma vizuri pia." Tukaachana hapo.

Wakaguzi walikuja wiki iliyofuata. Walichukua tope kutoka kwenye lundo lenu, kutoka kwenye bustani na kutoka chini ya lori, wakaliweka kwenye dawa na joto. Kila penye tope la lundo pameota. La bustani halikuota kitu. Ni baridi mno kwao kuzaana huko, na kama kuna waliolala kwenye gamba ni wachache mno, kwa hiyo wenzako watulie, na mayai kweli hayana neno. Lakini lundo ni lao kabisa. Walikuwa wamejijengea nchi pale, wanakula mabua na kutoa spiriti bila mtu kuwaagiza. Nitakiri kwako tu: nilipoona wameota vile nje ya tangi, bila mtu kuwapimia joto wala chakula, kwa dakika moja nilijivuna. Kisha nikaona haya.

Kuhusu kichupa cha friza: nilikichukua mimi. Nilihitaji kuwalinganisha wale wa maabara na wale ulionitumia. Walilingana. Hilo nililijua mwanzoni mwa Machi, kabla hujaniuliza.

Lori limesimamishwa. Lundo limefunikwa kwa turubai zito na wanalipitishia mvuke uliobanwa, ule wa kitabu chako cha mchwa. Kanuni ile ya kuchemsha, ya enzi za hamira, imeondolewa ukutani. Kumbe ilikuwa imetundikwa juu ya sinki miaka yote hiyo, tunanawa mikono tukiitazama. Mkuu amepewa likizo ambayo hakuiomba. Mimi nimesimamishwa mpaka waamue, kwa ajili ya kichupa na kwa ajili ya kukaa kimya. Nyumba hii tunayo mpaka likizo yako iishe. Baada ya hapo hatujui.

Niliandika kwamba mtoto niliyemfundisha kusoma ananisoma mimi. Niliandika kwa uchungu, na sasa nataka kulifuta neno lile lakini limeshaandikwa. Ulikuwa na haki ya kunishuku. Ulipoandika habari za jogoo aliyelala chali akitazama mawingu, nilicheka, Panya. Nilicheka peke yangu kwenye korido. Halafu nikafika kwenye mstari wa pamba ya muuguzi, na kicheko kikakatika. Nilijua palepale. Nilitaka kuwa na uhakika kwanza, peke yangu, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wakaguzi waliniuliza nilichukua nini, lini, na kwa idhini ya nani. Nilijibu yote. Hawakuniuliza ningefanya nini baada ya kuwa na uhakika. Nilishukuru hawakuuliza.

Chumba chako nimekifagia. Vitabu vyangu vimerudi ukutani, lakini kitanda kiko palepale.

Mama yako Mdogo


Bwenini, 26 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo.

Jogoo ameruka uzio. Aliruka mara ya kwanza bila kuanguka, akatembea upande wa pili kifua mbele, mpishi akapiga makofi, akasema kitunguu saumu hakijawahi kumwangusha. Hatukumbishia.

Darubini aliuliza jana kwa nini lundo linafunikwa. Nilinyoosha mkono. Nilijibu taratibu sana na mwisho sauti ikapotea, lakini nilifika mwisho. Mwenzangu wa dawati la mbele akasema, "Kumbe anaongea!" Ndiyo hotuba yote niliyopewa.

Kitabu cha mchwa nimeomba nije nacho likizo, mkutubi amekubali kwa sharti nisimrudishie.

Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Yote nimeielewa, na karibu yote nimeiamini. Umenieleza kuhusu dawa, na turubai, na kanuni juu ya sinki, na kwamba ulicheka. Nimefurahi ulicheka. Lakini umeweka sentensi moja pale karibu na mwisho, ile ya swali ambalo wakaguzi hawakukuuliza, kama mtu anayeweka ufunguo chini ya zulia, akijua anayekuja anapafahamu. Ulijua mwanzoni mwa Machi. Mimi niliandika tarehe ishirini na tatu. Katikati hapo wenzangu waliendelea kushika lundo Jumamosi, na wewe ulikuwa na uhakika tayari.

Ninakuja Ijumaa kwa gari la mchana. Usije kunipokea, najua njia. Weka chai.

Wakaguzi hawakukuuliza. Mimi nitakuuliza. Usinijibu kwa barua, Mama Mdogo. Safari hii nataka kuuona uso wako jibu likitoka.

Wako, kwa vyovyote vile litakavyokuwa,
Panya